Safari ya Ziwa Kivu

Siku moja darasani niliwaambia wanafunzi wangu waandike katika madaftari yao mali zote za asili zilizo katika nchi yetu ya Kivu. Wakainama, wakaandika. Nilipoyakusanya madaftari yale niliona dhahabu kwa wote, na koltani kwa wote. Mmoja aliongeza almasi, ambayo twajua ni ya Kasai. Wengine walitaja mbao, kahawa, na ng'ombe wa Masisi. Katika madaftari arobaini na mawili halikuwamo hata moja lililotaja ziwa. Na madirisha ya darasa letu yanatazama ziwa!

Sikuwakaripia. Mimi mwenyewe nimekaa Bukavu miaka mingi nikilitazama ziwa lile kama mtu anavyoutazama ukuta wa nyumba yake. Ila jambo hilo lilinikaa moyoni. Basi likizo kubwa ya mwaka 2022 ilipofika, nikaamua kufanya safari niliyokuwa nikidaiwa siku nyingi: kumtembelea dada yangu aliyeolewa kisiwani Idjwi, kisha kuendelea mpaka Goma kwa rafiki yangu tuliyesoma pamoja seminari ndogo. Nikatia daftari mfukoni. Haya ni machache katika yale niliyoyaandika.

Kabla ya kupanda chombo nilishuka kwanza mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani. Watoto wa shule, fungueni ramani zenu. Zamani za kale mito ya bonde hili ilielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Kisha milima ya moto ya Virunga ikainuka, mawe yaliyoyeyuka yakaziba njia, maji yakajaa bondeni kama katika bakuli, mpaka yakapata pa kumwagikia upande wa kusini. Pale pa kumwagikia ndipo Ruzizi. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, ambamo Ruzizi huingia, liko mita 770 hivi. Basi mto unashuka karibu mita 700 katika mwendo wa kilometa zipatazo 120. Nguvu ya mshuko huo ndiyo izungushayo mitambo ya umeme. Wa kwanza ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa pili ulianza kazi mwaka 1989, na umeme wake wagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Mali ya namna hii naiita mali inayopita. Maji yaliyozungusha mtambo wa kwanza huzungusha na wa pili, kisha huenda kunywesha mashamba ya mpunga kule bondeni Uvira, wala hakuna aliyemnyima mwenzake. Mtu aweza kudhani kwamba mali kama hiyo haiwezi kuharibika. Kumbe! Pale Ruzizi niliona chupa za plastiki zimetanda juu ya maji kama mkeka. Tunazitupa katika mitaro ya mji, mvua inazishusha ziwani, nazo zinafuata maji mpaka kwenye lango la mtambo. Mara nyingi imebidi mashine zisimamishwe ili takataka ziondolewe. Usiku taa zikizimika tunawalaumu wenye umeme. Sijamsikia bado mtu akiilaumu chupa aliyoitupa mwenyewe.

Nikapanda chombo, na kabla ya jua kutua nikawa Idjwi. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Kivu, chenye vilima virefu, mananasi mengi na kahawa. Dada yangu alinipokea kwa furaha, na shemeji, ambaye ni mvuvi, akaniuliza kama mwalimu wa mjini aweza kukesha usiku mmoja majini. Nikaona haya kukataa.

Siku zile zilikuwa za mwisho wa mwezi wa saba, na mwezi wa angani ulikuwa umekwisha kabisa. Ndio usiku wanaoutaka wavuvi wa sambaza, kwa sababu katika giza samaki huifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa hutawanyika, nao wavuvi hulala nyumbani. Chombo chao ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu imetokeza mbele na nyuma kama pembe za mdudu. Wavu umetundikwa kati. Waliimba njia nzima, maana makasia hayaendi pamoja bila wimbo. Tulipofika mbali na kando wakateremsha wavu, wakawasha taa, tukangoja. Upande wote wa giza niliona taa za vyombo vingine, hata sikujua tena ziwa liliishia wapi na nyota zilianzia wapi.

Yafaa mjue kwamba sambaza si mwenyeji wa Kivu. Zamani ziwa hili lilikuwa maskini wa samaki: walikaa kandokando tu, na maji mapana ya katikati yalikuwa kama shamba lisilo na mkulima. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wabelgiji walileta makumi ya maelfu ya vifaranga vya ndagala kutoka Ziwa Tanganyika. Katika aina mbili zilizoletwa moja tu ilishika, ndiyo hii tuiitayo sambaza. Ikazaa, ikaenea, na leo inalisha nyumba zisizo na hesabu, Kongo na Rwanda. Haikuwa bila gharama yoyote, maana vidudu fulani vya maji vilivyokuwamo zamani viliishia matumboni mwa mgeni huyu, wala havionekani tena. Lakini nani atamwambia mama wa Idjwi kwamba afadhali vidudu kuliko sambaza?

Tukiwa tunangoja, niliona mwanga mmoja wa mbali upande wa mashariki, uliokaa mahali pamoja kama taa ya mji. Nikauliza kama ni kijiji.

“Si kijiji,” akasema shemeji. “Ni chombo cha Wanyarwanda cha kutoa gesi, mbele ya Kibuye. Sasa, shemeji, wewe umesoma. Watu husema ndani ya maji haya mna moto. Ni kweli, au ni maneno ya sokoni?”

Nikamwambia si moto, ni chakula cha moto. Nikamweleza kama ninavyowaelezea ninyi. Ziwa letu lina kina cha mita 480 na zaidi. Sehemu ya juu, makumi machache tu ya mita, ina hewa ya kupumua, na samaki wote huishi humo. Chini yake maji ni mazito, yana chumvi zaidi, nayo hayachanganyiki na ya juu. Yamelala tabaka juu ya tabaka. Katika maji hayo ya chini zimeyeyuka gesi mbili. Moja ni gesi ya kaboni, ile itokayo katika milima ya moto, nayo haiwaki. Ya pili ni metani, itengenezwayo na vijidudu visivyoonekana kwa macho, nayo huwaka vizuri. Wataalamu wamekadiria kwamba metani iliyomo ni kama kilometa za ujazo 60, na gesi ya kaboni kama 300. Uzito wa maji ya juu huzikandamiza gesi hizo zisitoke, kama kifuniko kinavyokandamiza gesi ya limonadi katika chupa.

“Nao huitoaje?”

“Huteremsha bomba refu mpaka zaidi ya mita 300. Wakiisha kuyaanzisha maji kwa pampu, yanapanda yenyewe, kwa sababu yakikaribia juu gesi hutoka povu na kuyavuta. Ndipo huitenga metani na kuipeleka kuwasha mashine za umeme.”

Jambo hili si geni. Tangu mwaka 1963 palikuwa na kituo kidogo pale Rubona, karibu na Gisenyi, kilichotoa metani ya kuchemshia pombe katika kiwanda cha bia, nacho kilifanya kazi miaka arobaini. Kile chombo cha Kibuye ni kikubwa zaidi. Kilianza kutoa umeme mwishoni mwa mwaka 2015, kiasi cha megawati 26.

Shemeji akafikiri. Kisha akauliza neno ambalo ningefurahi kama mwanafunzi wangu mmoja angeliuliza.

“Na maji yale yaliyokwisha tolewa gesi, wanayamwaga wapi?”

Wasomaji wapenzi, hilo ndilo swali lenyewe. Watu wengi wakisikia habari za kutumia mali kwa busara hufikiri ni kuchukua kidogo tu. Kwa gesi ya Kivu haitoshi kuchukua kidogo. Yapasa pia kurudisha vizuri. Maji ya chini hayana hewa, nayo yamejaa mbolea. Yakimwagwa juu yatawasonga samaki na kulisha majani mabaya. Sharti yarudishwe chini, tena katika tabaka linalolingana nayo kwa uzito, ili tabaka zisivurugike. Mwaka 2009 wataalamu waliandika kanuni za kazi hiyo, kwa sababu tabaka zikivurugika sana kifuniko cha chupa chaweza kufunguka. Kule Kamerun, usiku wa tarehe 21 mwezi wa nane mwaka 1986, Ziwa Nyos lilitapika gesi ya kaboni iliyokuwa chini yake. Watu wapatao 1700 wakafa, wengi wakiwa wamelala, na ng'ombe wao pamoja nao. Nyos ni ziwa dogo sana, kama kidimbwi mbele ya Kivu.

Shemeji akanyamaza kitambo.

“Kumbe tunalala juu ya chupa,” akasema.

“Ndiyo. Ndiyo sababu kuitoa metani kwa utaratibu ni kazi njema pande mbili: twapata umeme, nayo chupa yapungua nguvu. Ila kuitoa ovyo ni kuitikisa.”

Nikamwambia pia kwamba metani si kama sambaza. Vijidudu vinaitengeneza polepole mno, karne kwa karne. Ni kama ghala alilojaza babu wa babu yetu. Twaweza kulila, lakini tusijidanganye kwamba mavuno ya mwaka huu yatalijaza tena. Shemeji akajibu kwamba mtu mwenye ghala la namna hiyo angefaa kwanza kuamua nani atakula. Kisha wakaanza kuvuta wavu, mazungumzo yakakatika. Sambaza walipanda wakimeta kama fedha iliyomwagika, na kazi ile ikanitoa malengelenge viganjani.

Tulirudi kulipopambazuka, na hapo niliona jambo ambalo sikuwa nimeliandalia nafasi katika daftari langu. Wasichana watatu walikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, wakikokota chandarua cha mbu, kile kile kinachogawiwa na watu wa afya. Mmoja wao alikuwa binti wa dada yangu. Akanisalimia kwa furaha, akanionyesha kikapu. Ndani yake mlikuwa na vifaranga vya samaki, vyembamba kama sindano, vyenye macho tu na uti.

Sambaza wakubwa hukaa katikati ya ziwa, lakini hutaga mayai karibu na kando, na watoto wao hukaa kwenye maji mafupi mpaka wapate nguvu. Kando ndiyo shule yao ya chekechea. Chandarua hakichagui, kinawakomba wote.

Tulipokaa kula, dada akaleta bugali wa muhogo na sahani ya vifaranga vile, vimepikwa kwa nyanya. Mimi na binti yake tukahesabu vilivyomo katika kijiko kimoja: 58. Nikaanza kusema maneno ya mwalimu. Dada akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole:

“Kaka, hayo nayajua. Lakini mvua zilizopita chombo cha mume wangu kilikaa nchi kavu wiki tatu kwa kukosa wavu. Madaftari ya huyu mtoto, na kalamu, na ada, vilitoka katika chandarua. Wewe ni mwalimu. Ungempokea darasani bila daftari?”

Sikuwa na jibu. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye, tulipokuwa wawili, alisema: “Usiku mimi naenda mbali kuwatafuta wakubwa, na asubuhi watoto wangu wanawavua wale ambao ningewavua mwakani. Tuna kamati ya wavuvi, na kamati imekataza vyandarua. Lakini ni nani atakayeamka alfajiri kumnyang'anya mama mkwe wake chandarua?” Upande wa Rwanda, akasema, uvuvi husimamishwa kwa muda kila mwaka, na askari wanalinda. Hakujua kama askari ndio dawa. Alichotaka yeye ni chama cha akiba, ili wavu wa mtu ukipasuka apate mkopo wa kununua mwingine bila kuwatuma watoto majini.

Nami ile sahani nilikwisha kuila. Nayaandika haya ili msidhani kwamba aliyeandika habari hizi alinawa mikono.

Samaki ni mali inayozaa, kama mbuzi. Mwenye mbuzi aweza kula kila mwaka, yeye na wajukuu wake, maadamu hali majike yenye mimba na vitoto vinavyonyonya. Darasani nimeufundisha mfano huu mara nyingi, na wanafunzi huujibu vizuri katika mtihani. Pale Idjwi ndipo nilipoona ya kuwa mtu huchinja kitoto cha mbuzi si kwa ujinga, bali kwa sababu mgeni amefika na hakuna kingine nyumbani.

Tarehe 28 nikafika Goma. Chombo kilipokaribia, abiria mmoja alinionyesha upande wa magharibi, mahali ziwa linapoingia katika ghuba ya Kabuno, karibu na Sake. Ghuba ile imefungwa karibu pande zote, na gesi ya kaboni imo si mbali na uso wa maji, ila mita kumi na chache tu. Mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano, na siku chache baadaye wakubwa wakaamuru mitaa mingi ya Goma ihamwe kwa hofu ya moto kupita chini ya ziwa, makundi kwa makundi walikimbilia Sake. Abiria yule alikuwa mmoja wao. Alilala siku nne kandokando ya Kabuno na watoto wake, wala hakuna aliyemwambia habari za ghuba ile. Habari za mazuku alizijua, kama wote wa huko wanavyozijua: yale mashimo na mabonde madogo ambamo gesi hiyo hiyo hukusanyika chini chini, ikaua mbuzi na wakati mwingine mtoto, hali mtu mzima aliyesimama haoni kitu.

Nyumbani kwa rafiki yangu jioni, mke wake alikuwa akipuliza mbabula. Gunia la makala lilisimama mlangoni, limefunikwa majani. Sehemu kubwa ya makala ya Goma hutoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925, ya kwanza kwa umri katika Afrika. Msitu nao huzaa, lakini uzazi wake ni wa polepole kuliko maisha ya mtu. Mti wa msitu wa zamani ukikatwa leo, atakayeuona mwingine wa kimo kile ni kitukuu. Ndiyo maana tangu mwaka 2007 watu wa Masisi na Rutshuru wamesaidiwa kupanda mikaratusi ya makala katika mashamba yao wenyewe, maana mkaratusi baada ya miaka saba hivi wafaa kukatwa, nao huchipuka tena. Nikamwuliza mama kama gunia lile ni la mikaratusi au la msitu.

“Mwalimu,” akasema, “makala yakifika mjini yote ni meusi.”

Tulikuwa bado tunacheka redio iliposema habari za Kinshasa. Siku ile ile serikali ilikuwa imetangaza mnada wa vitalu vya mafuta 27, pamoja na vitatu vya gesi, na hivyo vitatu vyote vi katika Ziwa Kivu. Rafiki yangu akaongeza sauti ya redio. Walitaja mabilioni, wakataja maendeleo. Nilingoja nisikie kama watataja maji yatarudishwa tabaka gani, au sambaza, au majirani wa ng'ambo, maana gesi iliyoyeyuka katika ziwa moja haijui mpaka. Habari ikaisha, wakaanza mpira.

Mke wa rafiki yangu alikuwa ameacha kupuliza.

“Hiyo gesi wanayoiuza,” akauliza, “ni hii ya hapa kwetu?”

“Ni hii.”

“Na itafika lini katika mbabula yangu?”

Tukatazamana, mimi na rafiki yangu. Upande wetu wa ziwa, mwaka ule, palikuwa bado hakuna hata taa moja iliyowashwa kwa metani. Ng'ambo ya mpaka taa za Gisenyi zilikuwa zimekwisha waka. Mama akangoja kidogo. Alipoona waalimu wawili hawana la kusema, akatia mkono guniani, akachagua vipande viwili vya makala, akaviweka juu ya moto, maana maharage yalikuwa hayajaiva.